Mwenye Kampuni

Bwana Kjeldsen aliisema ile sentensi polepole, kwa upole, kama anayemlisha mtoto uji wa moto. Kisha akaegemea kochi akasubiri. Tokushige Hanyuda, mkurugenzi wa kiwanda cha fremu za miwani, akamgeukia mkwe wake.

"Amesema nini?"

Nobuhiro alikuwa ameyasikia maneno yote, na kila moja alilijua likiwa peke yake. *Interest* hata watoto wa shule za Sabae, mji wao huko Japani, walilijua: kuvutiwa, kupendezwa. Lile lililotangulia, *controlling*, lilifanana na neno lililobandikwa kila ukuta wa karakana, juu ya mashine za kukatia na meza za kung'arishia, la kudhibiti ubora wa kazi. Lakini yakiwekwa pamoja hayakukaa. Angeweza kumwomba mgeni arudie, na yule Mdenmaki angerudia bila kinyongo. Ila baba mkwe alikuwa anamtazama, mhasibu Ogose alikuwa anamtazama, na mama mkwe, aliyekuwa akiweka vikombe vya chai mezani, naye alikuwa amesita kidogo ili asikie.

"Anasema wanavutiwa sana na namna tunavyosimamia ubora," akasema. "Wangependa kuuchukua utaratibu wetu. Wajifunze."

Uso wa Tokushige ulichanua. Wadenmaki hawa ndio waliokuwa wakinunua karibu nusu ya fremu zake, na tangu asubuhi alikuwa na wasiwasi kwamba wamekuja kupunguza bei.

"Mwambie milango iko wazi," akasema. "Wachukue wanachotaka. Kwangu ni heshima."

Nobuhiro akakigeuza hicho kwa Kiingereza kadiri alivyoweza: ndiyo, tafadhali, chukueni, ni heshima. Bwana Kjeldsen na mwenzake, Bi Ravn, wakatazamana kama watu waliokuja na nyundo wakakuta mlango haujafungwa. Wakasimama, wakapeana mikono na wenyeji. Jioni ile Tokushige akawapeleka kula kaa wa msimu, wale wakubwa wenye alama ya bandari miguuni, ambao yeye mwenyewe hakuwa amewala kwa miaka kwa sababu ya bei. Bili ilipokuja akaikunja haraka ili wageni wasiione, na ili mkewe naye asiione.

Nobuhiro alikuwa ameolewa. Ndivyo walivyopenda kumtania vijana wa karakana alipogeuza mgongo: wenzetu wanaoa, yeye kaolewa. Nyumba ya Hanyuda haikuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo alipomwoa binti yao Chinatsu alihamia kwao, akaacha jina la baba yake, akachukua lao. Kiingereza ndicho kilikuwa mahari yake. Aliwahi kukaa Kanada karibu mwaka mzima, akiosha vyombo kwenye hoteli iliyojaa Wajapani wenzake. Chinatsu aliwaambia wazazi wake kwamba alisoma huko. Hakuna aliyewahi kulirekebisha neno hilo, wala Nobuhiro mwenyewe.

Asubuhi ya pili, wafanyakazi walipojipanga kabla ya kazi kama kawaida, Tokushige aliwatangazia.

"Wazungu wameona kazi yenu," akasema. "Wanataka kujifunza kwetu. Wao, kwetu."

Bi Kinue, mkubwa wa meza ya kung'arisha, mwanamke ambaye vidole vyake vilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni yoyote, akainua mkono.

"Samahani, Mkurugenzi. Ina maana hatuuzwi?"

Swali lake halikutoka hewani. Kiwanda cha ng'ambo ya mto kiliuzwa mwaka juzi kwa watu wa Osaka, na kitu cha kwanza kufungwa kilikuwa meza ya kung'arisha. Dada yake alikuwa huko.

"Tuuzwe na nani?" Tokushige akacheka. "Nani anamuuza mwalimu wake? Fanyeni kazi kwa amani. Maadamu mimi nipo, kampuni hii haitoki mikononi mwa nyumba hii."

Watu wakapiga makofi. Nobuhiro naye akapiga.

*

Ni Chinatsu aliyemwandikisha kwenye darasa la jioni. "Wanarudi mwezi wa pili," akamwambia. "Nenda ukajinoe kidogo. Usije ukakwama mbele ya Baba."

Darasa lilikuwa kwenye jumba la wafanyabiashara la mji, chumba chenye hita moja iliyokuwa ikinguruma. Mwalimu alikuwa Bi Lourdes, Mfilipino aliyeolewa na fundi bomba wa hapo hapo, mwanamke mcheshi ambaye Kijapani chake kilikuwa na lafudhi ya sokoni. Wanafunzi wengi walikuwa makarani vijana. Wiki ya tatu somo lilikuwa juu ya umiliki wa makampuni.

"Nyinyi mnasema kampuni mzazi na kampuni mtoto," akasema Bi Lourdes. "Mzazi, sawa, hata Kiingereza kinasema hivyo. Lakini mkitafsiri mtoto neno kwa neno, mzungu atadhani mnashona nepi."

Watu wakacheka. Akaandika ubaoni maneno mengine, mwenye hisa, wingi wa hisa, kampuni inayomilikiwa yote na nyingine, na akayapitia moja baada ya jingine. Kisha akaandika mawili, akayapigia mstari chini, na Nobuhiro akahisi masikio yanapata moto kabla hajamaliza kuyasoma.

"Haya yanawamaliza Wajapani kila mwaka," akasema mwalimu. "Mnaona *interest*, mnafurahi. Anavutiwa na mimi. Hapana, jamani. Hapa ni sehemu ya mali, ni hisa. Na hili la mbele linasema ni hisa za kutosha kushika usukani. Mtu akikwambia anataka hii kwenye kampuni yako, hajakusifu. Anataka kuinunua. Ukimjibu 'ndiyo, tafadhali, karibu,' umeshauza duka la babu yako huku unatabasamu."

Darasa zima likaangua kicheko. Kijana aliyekaa karibu na Nobuhiro akampiga kiwiko, kama kumwambia, umesikia hiyo? Nobuhiro akacheka pamoja nao. Alicheka mpaka wengine walipokuwa wamenyamaza, na mwalimu akamtazama.

Alimwambia mkewe ndani ya gari, kwenye maegesho ya duka walikokwenda kununua figili na mafuta ya taa. Vioo vilikuwa vimejaa ukungu wa pumzi zao. Chinatsu alisikiliza mpaka mwisho, mfuko wa vitu mapajani.

"Una hakika?"

"Aliandika ubaoni."

"Basi mwambie Baba leo."

"Leo ana wageni wa chama cha hekalu."

"Kesho."

"Chinatsu, amewaambia wafanyakazi. Amemwambia kinyozi. Juzi nimemsikia anamwambia mtu wa benki."

"Ndiyo maana nasema kesho."

Nobuhiro akafuta kioo kwa kiganja. "Ungewaambia tangu mwanzo kwamba nilikuwa naosha sahani," akasema, "asingeniweka kwenye kile kiti."

Hilo lilimpata Chinatsu mahali penyewe. Aliporudi nyumbani aliweka vitu kabatini kimyakimya, na baba yake alipoingia jikoni akiimba kwa pua na kumuuliza kama Nobu anaendelea vizuri na darasa, yeye akasema, "Anaendelea vizuri, Baba."

Kesho haikufika. Ulikuja mwisho wa mwaka na kazi zake, kisha sikukuu, na siku ya sikukuu huwezi kumharibia mtu mzima. Baada yake ikaja karamu ya mwaka mpya ya wenye viwanda. Tokushige aliombwa aseme maneno mawili, akasema kwa robo saa. Alieleza jinsi wageni walivyomwomba awafundishe. Watu wa viwanda vilivyouzwa walikuwepo, na kinywaji kilikuwa kimemlegeza ulimi.

"Wengine waliuza," akasema. "Siwalaumu. Sisi tumechagua kufundisha."

Nobuhiro alikuwa meza ya nyuma, kichwa chini, akichambua mfupa wa samaki uliokuwa hauna nyama tena.

*

Wadenmaki walirudi theluji ikiwa imefika madirishani. Safari hii walikuja na mkalimani wao kutoka Tokyo, Bi Usami, mwanamke aliyevaa suti ya kijivu, aliyekaa pembeni kidogo na kuongea kwa sauti isiyo na uzito wowote, kana kwamba maneno yanapita tu ndani yake. Tokushige alikuwa amevaa suti mpya. Nobuhiro alikuwa amewekwa kiti cha ubavuni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kazi.

Bwana Kjeldsen akaongea. Bi Usami akasema:

"Tunashukuru sana kwamba mwezi wa kumi na moja Mheshimiwa Mkurugenzi alikubali, kwa ukarimu mkubwa, kutuuzia zaidi ya nusu ya hisa za kampuni. Leo tungependa kuzungumzia bei, na hatima ya sehemu ya kung'arisha."

Nje theluji ilikuwa ikiporomoka kutoka paani, mafungu kwa mafungu.

"Nilikubali nini?" Tokushige akauliza.

Bi Usami akarudia, neno kwa neno, kwa sauti ile ile. Tokushige akamgeukia mkwe wake taratibu. Hakuuliza kitu. Nobuhiro alikuwa anatazama magoti yake mwenyewe, na shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kola, na katika shingo ile Tokushige akasoma kila kitu: kwamba maneno yalitafsiriwa vibaya, na kwamba aliyetafsiri hakuanza kulijua hilo leo.

"Kuna kutoelewana kidogo," mzee akasema mwishowe. "Kampuni hii siuzi. Mimi ndiye mwenyewe, na siuzi."

Bi Ravn, ambaye alikuwa mwanasheria wao, akauliza kitu kifupi. Bi Usami akakifasiri: wangeomba kujua, kwa ajili ya kumbukumbu tu, wenye hisa ni nani na nani.

"Ni mimi," akasema Tokushige.

Mhasibu Ogose akakohoa. Alikuwa mtu mwoga, na kwa kawaida angeacha lipite, lakini mbele ya mwanasheria aliogopa zaidi. "Kwa usahihi, Mkurugenzi," akasema akitazama kalamu yake, "sehemu kubwa iko kwa jina la Mama Chinatsu. Kutoka kwa marehemu baba yake. Haikuwahi kuhamishwa."

Si kwamba Tokushige alidanganya. Yeye naye aliingia nyumba hii kwa kuolewa, miaka mingi iliyopita, akachukua jina la Hanyuda na kiti cha baba mkwe, na jinsi miaka ilivyokwenda alisahau kwamba kiti na mali ni vitu viwili. Kila mwaka karatasi za mkutano wa wenye hisa zilipokuja, aliziweka mbele ya mkewe, naye akagonga muhuri bila kusoma, akarudi kwenye vyungu vyake.

Na wakati huo huo mlango ukafunguliwa, Sumie, mkewe, akaingia na sinia ya chai.

Bi Usami alikuwa bado anafasiri. Sumie aliona wazungu wawili wanamgeukia, kisha wanasimama wote. Bi Ravn akazunguka meza, akainama mbele yake, akamtolea kadi yake kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Sumie alikuwa na sinia mikononi na hakuwa na mahali pa kuiweka. Mwishowe Ogose akampokea. Sumie akaifuta mikono kwenye aproni, akaipokea ile kadi, na akabaki ameishika, maana yeye hakuwa na kadi ya kumpa. Hakuwahi kuwa nayo.

"Anauliza," akasema Bi Usami, "mwenye kampuni ana maoni gani juu ya pendekezo lao."

Sumie akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama chai.

"Mimi sijui lolote," akasema. "Muulizeni Baba Chinatsu."

Hilo nalo likafasiriwa. Bi Ravn akaitika kwa kichwa kwa heshima na kushusha macho, na Sumie, ambaye hakujua neno la Kiingereza, alielewa vizuri kwa nini yale macho yalishuka.

*

Chakula cha jioni kiliwekwa, kikapoa. Tokushige alikuwa amevua koti la suti, lakini tai ilikuwa bado shingoni.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Mwezi wa kumi na mbili," akasema Nobuhiro.

"Kabla ya karamu."

"Kabla ya karamu."

"Ukaniacha nisimame pale."

Nobuhiro akateremka kutoka kwenye mto wake wa kukalia, akapiga magoti kwenye mkeka, paji la uso likagusa chini. "Nilikosa siku ile kwa kutojua. Baadaye nikakosa kwa kujua. Sina la kusema. Nitaondoka nyumba hii."

"Na wewe?" Tokushige akamgeukia binti yake. "Ulijua?"

"Nilijua," akasema Chinatsu. "Na hakusoma Kanada, Baba. Aliosha vyombo. Niliwadanganya mimi."

Mzee akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nyumba nzima inajua. Mjinga ni mmoja tu."

"Mimi sikujua," akasema Sumie.

Wote wakamtazama. Alikuwa amekaa karibu na sufuria ya wali, mahali pake pa siku zote, pa kupakulia.

"Sikujua kuhusu hilo neno," akaendelea, "na ile siku ya kwanza nilikuwemo chumbani, naweka vikombe. Na ya hisa, nilijua lakini sikujua. Baba alinipa, nikaona ni jambo la makaratasi. Leo mtoto wa watu kasimama kwa ajili yangu, kaniinamia, ananiuliza ninaonaje, na mimi namwambia muulizeni mume wangu. Nimejiona kama mtu aliyelala kwenye basi mpaka kituo cha mwisho." Akamgeukia mkwe wake. "Wewe Nobuhiro, inuka. Utaondoka uende wapi, na jina lako ni letu? Inuka unieleze hilo neno. Taratibu. Mimi sina haraka na sioni haya kuuliza."

Nobuhiro akainuka. Akaeleza: hisa ni nini, nusu ni nini, zaidi ya nusu inampa mtu nini. Alipokosea, Tokushige alimsahihisha bila kumtazama. Sumie aliuliza kama mwenye robo anaweza kumfukuza Bi Kinue. Wakamwambia hawezi. Akauliza kama mwenye nusu na kidogo anaweza. Wakamwambia anaweza. Ndipo akapakua wali uliopoa, akampa kila mtu bakuli lake, wakala.

Asubuhi Tokushige alisimama mbele ya wafanyakazi bila suti, kwa sare ya kazi. Sumie alisimama kando yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mzee aliinama chini kabisa, mikono kwenye mapaja, akakaa hivyo mpaka baadhi ya watu wakageuza nyuso.

"Niliwaambia jambo nisilolielewa," akasema. "Wageni walitaka kununua, na mimi nikawaambia wachukue. Naombeni radhi."

Nobuhiro akapiga hatua mbele. "Kosa ni langu. Mimi ndiye..."

"Nyamaza," akasema Tokushige. "Aliyesema ndiyo ni mimi."

Nobuhiro akarudi nyuma. Hakujua kama amehurumiwa au amenyimwa hata nafasi ya kutubu, na mpaka leo hajui. Vijana wa karakana hawakumtania siku ile. Lilikuwa baya kuliko utani.

"Kwa hiyo," akauliza Bi Kinue, "tunauzwa au hatuuzwi?"

Tokushige akafungua mdomo, akaufunga, akamtazama mkewe.

"Nusu siuzi," akasema Sumie. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mashine ya upepo ilibidi izimwe ili asikike. "Robo nitawauliza kama wanaitaka. Wakikataa, wanaweza kupunguza oda, na hapo tutakula kidogo kidogo sote. Sitawaambia kwamba hakuna shida. Shida ipo."

Bi Kinue akainama. Hakuna aliyepiga makofi.

*

Barua ya kujibu iliandikwa ofisini, Nobuhiro kwenye kompyuta, Tokushige kwenye kiti nyuma yake. Sumie alikuwa amesema anayotaka yasemwe, akaenda zake kwa Ogose kujifunza kusoma hesabu za mwaka. Nobuhiro aliandika kwamba mwenye kampuni anawashukuru, kwamba anasikitika kwa kutoelewana, kwamba yuko tayari kuuza robo. Kila sentensi aliitafuta kwenye kamusi.

Kiingereza hakikubali kumtaja mtu hivi hivi kama sisi. Lazima useme kama ni mwanamume au mwanamke. Nobuhiro alikuwa amefika mwisho wa ukurasa pale kidole cha Tokushige, kilichopindishwa na miaka ya koleo, kilipogusa kioo cha kompyuta.

"Hiki kijineno," akasema mzee. "Ni cha mwanamume, sivyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Kiko pale juu pia. Na pale."

"Ni mazoea. Samahani."

Tokushige akatazama nje, ambako wafanyakazi walikuwa wakiimwagia theluji maji ili njia ipitike.

"Badilisha," akasema.

Jibu lilikuja maua ya cheri yameshaanguka. Bahasha iliandikwa jina la Sumie Hanyuda peke yake, na mleta barua aliuliza mara mbili kama ndiko. Sumie alimkabidhi Nobuhiro barua aisome mbele ya wote, mezani. Alisoma taratibu, akifasiri kila sentensi. Walishukuru kwa uwazi wake. Robo haikuwatosha. Wangeendelea kununua, lakini oda ya kiangazi ingepungua kwa theluthi. Sumie alisikiliza akiwa amefunga macho, akipiga hesabu ya nani atafanya kazi siku ngapi.

Aya ya mwisho ilikuwa fupi. Nobuhiro alisoma nusu yake, akasimama. Akarudi mwanzo wa sentensi, akasimama tena pale pale. Chinatsu alimtazama, kisha akatazama pembeni. Ilikuwa rahisi kukisia; barua ilikuwa inaaga, na maneno ya kuagana ni yale yale.

"Neno hili silijui," akasema.

Tokushige akainuka kwa kushikilia meza, magoti yakilia, akaenda kuleta kamusi.